Somo: Kuchongesha thredi kwenye mtutu wa raifali, na pesa yako inaishia wapi

Wakuu, swali la "kuchonga thredi ni bei gani" halikauki, na majibu yake hupishana mno. Thredi ni yale meno ya skrubu yanayochongwa kwenye mdomo wa mtutu ili ufungiwe kifaa. Mmoja anasema ni kazi ndogo ya mchana mmoja, mwingine anataja hela inayokaribia ya bunduki yenyewe. Wote wanaweza kuwa wakweli, maana hawakufanyiwa kazi ileile. Kukata zile thredi ndiyo sehemu fupi. Unachomlipa fundi bunduki hasa ni muda wa kuupanga mtutu kwenye leithi, ile mashine inayozungusha chuma kikikatwa, mpaka ukae sawa.

Hatua ya 1: Sheria kwanza. Kwingine mtutu wenye thredi hauna neno, kwingine unaombewa kibali, na kizuia sauti chenyewe mara nyingi kina sheria zake. Uliza mamlaka ya silaha kabla hujatoa malipo ya awali. Fundi wa kweli atakuomba leseni yako kabla hata hajaishika bunduki, asiyeiomba, muage.

Hatua ya 2: Jua unafunga nini. Kizuia sauti, kipunguza teke (kile kishindo cha bunduki begani), au unataka tu mtutu uwe tayari? Thredi huchongwa kulingana na kifaa, kwa hiyo nunua au angalau chagua kifaa kwanza. Saizi zinazokutwa sana ni 1/2-28, yaani kipenyo cha nusu inchi na meno 28 kwa kila inchi, kwa bunduki za kaliba (kipimo cha tundu la mtutu) .22 na .223, na 5/8-24 kwa .308 na ndugu zake. Kwa vipimo vya milimita utakutana na M14x1 (kipenyo milimita 14, jino hadi jino milimita 1), M15x1 na M18x1. Ukichagua saizi ya kawaida fundi anazo geji (vipimio) zake tayari. Ukitaka ya ajabu, utalipia na muda wake wa kuitafutia vifaa.

Hatua ya 3: Pima mdomo wa mtutu. Chukua kalipa, kile kifaa cha kupimia unene. Nusu inchi ni milimita 12.7, na 5/8 ni karibu 15.9. Mtutu lazima uzidi hapo, ili nyuma ya thredi ibaki bega la kifaa kuegemea. Mwenye mtutu mwembamba wa .308 hushawishika kuchonga nusu inchi ili mambo yaishe. Fanya hesabu: tundu la .308, ukipima mpaka chini ya mifereji iliyochongwa ndani yake, ni milimita 7.8, na chini ya meno ya 1/2-28 chuma kina kipenyo cha kama 11.6. Ukuta unaobaki haufiki milimita 2. Kwa 5/8-24 unabaki zaidi ya 3. Fundi akikukatalia hapo, mshukuru.

Hatua ya 4: Muulize anaupangaje mtutu. Hapa ndipo bei inapotengana. Mtutu kwa nje unaonekana mduara safi, lakini tundu la ndani mara nyingi halipo katikati kabisa. Thredi zinatakiwa zifuate tundu. Niliwahi kukaa pembeni ya fundi akifanya hivyo: aliingiza fimbo ya kupimia ndani ya mtutu, akaegesha geji ya saa juu yake, akauzungusha mtutu kwa mkono. Mshale ukapanda, ukashuka. Akalegeza skrubu moja, akakaza ya upande wa pili, akazungusha tena. Chai yangu ilipoa kabla mshale haujatulia. Baada ya hapo kukata kulikwenda haraka kuliko nilivyotarajia.

Kabla ya huyo nilimpelekea wa bei rahisi, aliyekata kwa dai ya mkono, yaani kikata thredi cha kuzungusha kwa mkono. Kwa macho zilipendeza. Risasi ya kwanza ilikwangua mdomo wa kizuia sauti kwa ndani, na nilichookoa kwenye ufundi nikakilipa mara kadhaa kwenye kifaa.

Hatua ya 5: Bei iandikwe yote. Uliza kama ndani yake yamo: kufungua mtutu na kuurudisha kama leithi yake haiipokei bunduki ikiwa nzima (akiufungua, lazima apime upya nafasi ya risasi ndani ya chemba), kusawazisha upya ukingo wa mdomo, kofia ya kulinda thredi, kupaka rangi sehemu iliyobaki chuma cheupe, na usafiri. Mtutu wa chuma kisichoshika kutu hauna gharama ya rangi, lakini wengine huongeza kidogo kwa kuwa ni mgumu kukata.

Hatua ya 6: Siku ya kuchukua. Bunduki ikiwa tupu, umeihakiki mara mbili, funga kifaa kwa mkono. Kiingie laini mpaka kiguse bega pande zote, mwanga usipenye. Kisha pitisha fimbo nyoofu ya kupimia kutoka kwenye chemba hadi itokeze mbele, uangalie kama ipo katikati ya tundu la kifaa. Ikiegemea upande, usipige hata moja. Irudishe.

MASWALI YA WADAU

Mkuu, dai inauzwa madukani. Kwa nini nisikate mwenyewe?
Dai inafuata umbo la nje la mtutu, na ikianza kupinda kidogo inaendelea kupinda hadi mwisho. Kwenye bomba la maji utafunga kwa tepu. Kwenye mtutu hakuna tepu.

Yangu ina kidude cha kulengea pale mbele kabisa. Itakuwaje?
Bei inapanda. Kitolewe, kisogezwe nyuma, na kama kilichomelewa basi na rangi ya mtutu mzima inaweza kuguswa. Kama unatumia darubini tu, muulize bei ya kukitoa bila kukirudisha.

Shabaha itaharibika?
Kazi ikiwa safi, haiharibiki. Ila risasi zitahamia mahali pengine kwenye karatasi ya kulengea, na zitahama tena ukifunga au ukitoa kifaa, kwa kuwa uzito wa mbele umebadilika. Weka bajeti ya risasi za kurekebishia darubini. Hiyo watu huisahau kabisa.

Na bunduki ya zamani ya marehemu babu?
Hiyo mimi nisingeigusa, dada yangu. Thamani yake ipo kwenye kubaki ilivyotoka kiwandani, na ukishakata hakuna kurudi.

Si bora ninunue mtutu mpya wenye thredi tayari?
Kwa bunduki ambazo mtutu unabadilishwa na mwenyewe, kama baadhi ya .22, mara nyingi ndiyo, na ule wa zamani unabaki nao. Kwa zinazohitaji fundi kuufunga na kupima chemba, omba bei mbili kwa fundi yuleyule: ya kuchonga wako, na ya kufunga mpya. Kumbuka tu kwamba kwingine mtutu nao unahesabiwa kama silaha, kwa hiyo rudi hatua ya 1.