Kabla ya kushuka melini Juneau: panga siku kuanzia saa ya kurudi

Wengi wetu tunaoishi Seattle na miji ya jirani tunapopata wageni kutoka nyumbani wakati wa kiangazi, wazo la kuwapeleka Alaska kwa meli ya kitalii huja lenyewe, maana meli zinaondokea hapa hapa mjini. Mwaka niliompeleka mama na mama mdogo tuliamua tusinunue ziara zinazouzwa melini. Tungeshuka wenyewe na kutembea kwa mwendo wetu. Uamuzi huo siujutii. Lakini una maandalizi yake, na karibu yote yanarudi kwenye swali moja: utarudije melini, na saa ngapi?

Ukinunua ziara ya meli yenyewe na basi lao likachelewa, kwa kawaida meli huwasubiri. Ukienda kivyako, haikusubiri. Ikiondoka, kuifuata hadi bandari inayofuata ni juu yako, kwa fedha zako. Na Juneau, ingawa ni makao makuu ya jimbo la Alaska, haina barabara inayoiunganisha na mji mwingine wowote. Unatoka kwa ndege au kwa maji.

Kwa hiyo shika saa ya kufunga mlango kabla ya jambo lingine lolote. Saa hiyo si ile ya kuondoka. Mara nyingi abiria hutakiwa wawe ndani nusu saa kabla, na meli nyingine hutaka zaidi. Imeandikwa kwenye karatasi ya ratiba ya kila siku na kwenye ubao karibu na ngazi ya kushukia. Kisha uliza meli inafuata saa ya wapi. Alaska iko saa moja nyuma ya Seattle, na simu yako hujibadilisha yenyewe ikishika mtandao wa nchi kavu, ilhali meli inaweza kubaki na saa iliyoondoka nayo. Simu ikisema saa tisa na nusu, kumbe melini ni saa kumi na nusu, na mlango ndiyo unafungwa.

Hapo kuna jambo linalotuhusu sisi hasa. Niliwatumia wote ujumbe wa simu: "Mwisho wa kurudi 4:30." Mama mdogo akaniuliza kwa utulivu kabisa, "Mwanangu, saa nne na nusu usiku, siyo?" Hakukosea, ndivyo sisi tunavyohesabu. Na Juneau mwezi Juni jua huzama karibu saa nne usiku, kwa hiyo hata ukitazama nje huoni dalili yoyote kwamba jioni imefika. Sisi tuliozoea jua linalozama karibu saa kumi na mbili mwaka mzima, tunaujua muda kwa mwanga bila hata kufikiri, na kule mwanga unadanganya. Tangu siku hiyo naandika kwa maneno, "saa kumi na nusu alasiri", na kila mmoja anaweka kengele kwenye simu yake.

Ukishapata saa, hesabu kwa kurudi nyuma. Nichukulie siku yetu. Lengo letu Juneau lilikuwa barafuto ya Mendenhall, ule mto wa barafu unaoshuka polepole kutoka milimani hadi karibu na ziwa, kama kilomita 19 kutoka gatini. Mlango ulikuwa unafungwa saa kumi na nusu. Tukaweka saa nzima ya akiba, ikawa tuwe gatini saa tisa na nusu. Toa nusu saa ya njiani, ikawa saa tisa. Toa dakika 45 za foleni, ikawa tuanze kupanga mstari saa nane na robo. Zile dakika 45 nilitaka kuzifuta, nikaona ni woga tu. Tulisimama kwenye foleni ile dakika 50, mvua ikinyesha, mama amekalia begi langu, huku mabasi yanajaa na kuondoka. Bila ile saa ya akiba ningekuwa natetemeka, na si kwa baridi.

Foleni ina sababu. Juneau ina wakazi kama 32,000, na ingawa tangu 2024 mji umekubaliana na kampuni za meli kwamba zisizidi meli kubwa 5 kwa siku, meli hizo hushusha maelfu ya watu, wengi wao wakielekea barafuto ile ile. Eneo hilo ni sehemu ya Msitu wa Taifa wa Tongass, na kampuni za kubeba watalii huhitaji kibali cha idara ya misitu, chenye ukomo. Basi nunua nafasi mapema, ya kwenda na ya kurudi pamoja. Teksi zipo, lakini usitegemee kuita gari kwa simu ukiwa kule, mtandao ni dhaifu.

Lipo pia basi la kawaida la mji, la bei nafuu kuliko yote. Ubaya wake ni kwamba halifiki kwenye barafuto, linakushusha kama kilomita mbili na nusu kabla. Kwa kijana si kitu. Kwa mama mwenye magoti yanayouma, hapana. Ukilichagua, beba noti ndogo za nauli kamili, usitegemee chenji kwa dereva.

Ukifika, kuna njia fupi ya kwenda kutazama barafu kwa mbali, nyepesi kwa wazee, na nyingine ya kwenda Nugget Falls, maporomoko ya zaidi ya mita 100. Hiyo ya pili ni kama kilomita 3 kwenda na kurudi, nayo ni tambarare. Ukifika chini yake unahisi manyunyu usoni kabla hujaona maji yanapoangukia, na mazungumzo yanakatika kwa sababu hamsikilizani. Mama alifika. Tulimpa saa moja na nusu, akapumzika mara tatu. Usibebe chakula njiani: samoni wanapopanda kijito cha Steep Creek dubu weusi huwafuata, karibu kabisa na wanapopita watu.

Kama safari ni ya Agosti, tazama taarifa za mafuriko siku chache kabla. Bonde la pembeni mwa barafuto hujaa maji nyuma ya barafu, kisha huyaachia kwa ghafla. Ilitokea Agosti ya 2023, 2024 na 2025, nyumba za watu ziliingiliwa na maji, na eneo la wageni linaweza kufungwa. Uwe na mpango wa pili ulio karibu na gati. Pale pale zinapofunga meli kuna vibanda vya kebo vinavyopanda Mlima Roberts, karibu mita 550. Siku ya ukungu mzito, ukipanda utaona weupe mtupu, hivyo tazama juu kabla ya kulipa.

Nguo nitasema kwa ufupi: koti lisilopitisha maji, sweta, viatu visivyoteleza. Mwavuli uache, upepo utauharibu. Ketchikan, bandari ambayo meli nyingi hupitia, hupata mvua ya takriban milimita 3,800 kwa mwaka.

Na Ketchikan hiyo uliza unashushwa gati gani. Meli nyingine hufunga katikati ya mji, hatua chache kutoka Creek Street, mtaa wa zamani wanaoutembelea watalii, nyingine hufunga Ward Cove, zaidi ya kilomita 10 kaskazini, unakuja mjini kwa basi. Mpango wa kutembea kwa miguu unabadilika hapo hapo. Skagway, bandari nyingine ya Alaska, ni mji mdogo, unaumaliza kwa miguu, lakini treni ya zamani ya White Pass, iliyojengwa 1898 hadi 1900, ina safari zinazovuka mpaka kuingia Kanada.

Hapo ndipo pasipoti zetu zinapotaka umakini kuliko za majirani zetu Wamarekani. Mwenye pasipoti ya Tanzania au Kenya asiye mkaazi wa kudumu wa Marekani anahitaji viza ya Kanada, na meli zinazoanzia Seattle kwa kawaida hutia nanga Victoria, Kanada, kwa sababu ya sheria ya Marekani ya mwaka 1886 kuhusu meli za kigeni kubeba abiria. Mgeni wako ahakikishe pia viza yake ya Marekani inaruhusu kuingia zaidi ya mara moja. Mwenye kadi ya ukaazi wa kudumu abebe kadi hiyo pamoja na pasipoti halisi. Anza kushughulikia haya miezi mingi kabla ya kulipia meli.

Siku yenyewe, kabla ya kushuka, piga picha ya ratiba, hasa pale penye namba ya wakala wa meli bandarini, kisha iandike namba hiyo kwenye karatasi pamoja na jina la gati na saa ya kurudi. Karatasi moja kwa kila mtu, mfukoni, si kwenye begi la pamoja. Ya mama niliiandika kwa herufi kubwa, nikaitia kwenye mfuko wa plastiki. Aliporudi jioni ilikuwa imekunjwa mara nne ndani ya khanga aliyojifunga chini ya koti, kavu kabisa.