Usiangalie bei ya Darajani peke yake

Mfugaji wa shamba, kabla hujatia kuku tengani kwenda soko la Darajani, mjini Unguja, hesabu kwanza nauli, ushuru wa soko na cha dalali. Halafu hesabu joto. Kuku aliyefungwa alfajiri akafika Darajani jua limeshapanda hushuka uzito, na mmoja akifa njiani, faida ya wenzake imekwenda naye. Mimi nimeshamuuzia mchuuzi wa pikipiki anayekuja bandani, bei ya chini kidogo, nikabaki na pesa zaidi kuliko ya mjini.

Hoteli za Nungwi na Paje zinavutia, lakini hutaka kuku waliokwishachinjwa, uzito mmoja, kila wiki, na malipo mara nyingi huja baadaye. Kama huna pesa ya chakula cha kundi linalofuata, utakwama.

Kuku wa nyama ndio hasa hawasubiri: akipita wiki ya 6, anavyokula si anavyoongezeka. Basi anza kupiga simu wiki ya 4, bado hujabanwa. Wa kienyeji mwache kwanza. Jogoo mzuri, siku mbili kabla ya Sikukuu, mnunuzi humfuata mwenyewe mlangoni.