SOMO: Kupata mafunzo tarajali kwenye baraza la insia Marekani ukiwa na viza ya mwanafunzi ya F-1 (someni kabla ya kuja inboksi)

Wakuu, salaam. Tangu niseme humu kwamba nilifanya fildi kwenye baraza la insia la jimbo, inboksi yangu imegeuka dirisha la benki. Swali ni lile lile, nafasi niliipataje, na kila mtu anataka ajibiwe peke yake. Naandika mara moja. Atakayekuja tena inboksi nitamrudisha hapa.

Kwanza tuelewane. Insia ni historia, fasihi, lugha, falsafa, yale masomo ambayo mjomba wako alikuuliza "utakula nini?" Kila jimbo la Marekani lina baraza lake la insia. Si ofisi ya serikali. Ni asasi isiyotafuta faida, ingawa kwa miaka mingi fungu kubwa limetoka NEH, mfuko wa taifa wa insia ulioanzishwa 1965. Mabaraza yapo 56: majimbo 50, Washington DC, na maeneo kama Puerto Rico na Guam. Kazi yao ni kuyatoa masomo hayo darasani na kuyapeleka maktaba, makumbusho madogo, kumbi za makanisa. Illinois Humanities wana Odyssey Project, masomo ya bure ya ngazi ya chuo kwa watu wazima wenye kipato kidogo. Mass Humanities huwezesha watu wakusanyike kusoma kwa zamu, kwa sauti, hotuba ya 1852 ya Frederick Douglass, mtumwa aliyetoroka akawa mpinga utumwa, kuhusu sikukuu ya uhuru wa Marekani. Ukiona hayo hayakusisimui, tafuta fildi nyingine, hautaweza.

1. Fungua tovuti ya baraza la jimbo unalosoma. Tangazo la nafasi ama limo, ama halimo.

2. Anza kutazama Januari. Ukisubiri mitihani ya Mei iishe, wenzako wameshapangiwa meza.

3. Barua ya maombi. Usiwaeleze tasnifu yako. Niliwahi kukaa upande wa pili, tukisoma barua za waliokuja baada yangu, na nyingi zilikuwa muhtasari wa tasnifu wenye salamu juu. Hawa watu wanataka kujua kama unaweza kumweleza mstaafu wa kijijini kwa nini aje Jumanne jioni kusikiliza habari za reli ya zamani. Ulifundisha tuisheni? Uliendesha kipindi cha redio ya chuo? Ulikuwa katibu wa kikundi cha kwaya na mahesabu yakakaa sawa? Andika hilo. Kwaya yangu ndiyo iliyonipa usaili, siyo alama zangu.

4. Usaili: fika mapema, soma mradi wao mmoja vizuri, uliza kuhusu huo.

5. CPT. Hapa tulieni.

CPT ni ruhusa ya kufanya kazi nje ya chuo kama sehemu ya masomo. Haitolewi na mwajiri wala ubalozi. Inatolewa na ofisi ya wanafunzi wa kigeni ya chuo chako, na inaandikwa kwenye I-20 mpya, ile hati ya chuo inayoambatana na viza yako. Kwa kawaida lazima uwe umemaliza mwaka mzima wa masomo kwanza.

Mimi nilipokubaliwa, mkurugenzi aliniandikia barua pepe ya mistari miwili: karibu sana, tutaonana Juni. Nikaipeleka ofisini kifua mbele. Ikarudi: haina saa za kazi kwa wiki. Nikaomba nyingine. Ikarudi: haina anwani ya mahali pa kazi. Ya tatu ikapokelewa, ndipo nikaambiwa CPT lazima ifungamane na kozi, kwa hiyo nijisajili kozi ya yuniti moja ya kiangazi, ambayo inalipiwa, na anayeidhinisha kule idarani yuko likizo. Programu ilikuwa ya wiki kumi. Nilianza wiki ya nne.

Katikati ya hapo kulikuwa na ufunguzi wa maonyesho kwenye maktaba ya mji, kazi niliyoahidiwa. Nikaenda kama mgeni. Mkurugenzi akaniona, akaniita nishike upande wa pili wa meza tuisogeze. Nikabaki nimekunja mikono kama bibi harusi, nikimweleza kwamba tarehe yangu haijafika. Yeye alicheka, akamwita mwingine. Mimi nilikaa kiti cha nyuma nikiangalia wenzangu wakipanga viti vya kukunja, safu baada ya safu.

Kwa hiyo: barua ya ofa iwe na jina la asasi, anwani kamili, tarehe ya kuanza na ya kumaliza, saa kwa wiki, na maelezo ya kazi. Mwandikie mwajiri wewe mwenyewe orodha hiyo, hawajui, wengi hawajawahi kumchukua mgeni. Ulizia gharama ya yuniti kabla ya kusema ndiyo. Usiguse kazi kabla ya tarehe iliyo kwenye I-20, hata siku moja, hata kama ni "kuja kusalimia ofisi". Na hesabu miezi yako: ukifikisha miezi 12 ya CPT ya muda wote, umejifutia OPT, yaani ruhusa ya kufanya kazi baada ya kuhitimu, ya ngazi hiyo ya masomo. Saa 20 kwa wiki au pungufu haziingii kwenye hesabu hiyo. Sisi wa insia OPT yetu ni miezi 12 basi, ile nyongeza ya miezi 24 ni ya watu wa sayansi na uhandisi. Usiichezee.

6. Namba ya Social Security (hifadhi ya jamii, mwajiri ataihitaji): unaomba ukishapata CPT, zikiwa zimebaki siku 30 au pungufu kabla ya kuanza kazi.

7. Uliza fedha. Aprili 2025 NEH ilikata ruzuku za mabaraza ghafla. Mfuko wa Mellon, taasisi binafsi ya hisani, ukaingilia na dola milioni 15 za dharura, lakini hizo ukizigawa kwa mabaraza 56 si nyingi. Kuna waliopunguza wafanyakazi na programu. Kuuliza "nafasi hii ina posho, na posho imeshapatikana?" si utovu wa adabu.

Haya, maswali.

---

Kunguru_wa_Posta: Mkuu tupia linki na namba ya HR.

Mwandishi: Hatua ya 1.

Kunguru_wa_Posta: Nimesoma ila sijaona linki.

Mwandishi: Basi hujasoma.

Chapati_Mbili: Niko Mbeya, nina diploma ya uhasibu. Hao watu wanatuma tiketi?

Mwandishi: Hapana. Somo hili ni la aliyeko chuoni Marekani na F-1 mkononi, kichwa cha habari kinasema. Ukimkuta mtu anayekuuzia "nafasi ya baraza la insia pamoja na tiketi", huyo ni tapeli.

MtotoWaKisauni: Dada, samahani, mbona unalikuza? Kama hawanilipi si najitolea tu? Kujitolea hakuhitaji kibali.

Mwandishi: Kujitolea ni kwenda Jumamosi kugawa vipeperushi kama jirani yeyote. Ukiwa na cheo, meza, ratiba na msimamizi, na kazi yenyewe ni ya aina ambayo wengine hulipwa, jina "kujitolea" halikukingi. Omba CPT hata kama ni bure, au angalau ofisi ya chuo ikujibu kwa maandishi.

MtotoWaKisauni: Jamaa yangu alifanya bila CPT na hakuna kilichotokea.

Mwandishi: Jamaa yako ameshaomba OPT?

MtotoWaKisauni: Bado.

Mwandishi: Sawa.

Mama_Furaha: Mimi ni Mkongomani wa Bukavu, niko hapa Maine, nilikuja kama mkimbizi. Mambo ya CPT inanihusu? Na Kiingereza yangu ni ya kujikaza tu.

Mwandishi: Mama, karibu sana. Haikuhusu hata kidogo. Mkimbizi aliyepokelewa anaruhusiwa kufanya kazi tangu anafika, ruka hatua ya 5 yote. Na Kiswahili chako ndicho mtaji. Maktaba zinataka kuwafikia Wakongo, Warundi na Wanyarwanda, na mara nyingi hazina mtu wa kuwasemesha. Kuna njia nyingine pia: mabaraza hutoa ruzuku ndogo kwa vikundi vya jamii. Kikundi chenu kikishirikiana na maktaba kinaweza kuomba fedha ya kurekodi masimulizi ya wazee wenu, na wewe ukawa mratibu badala ya mwanafunzi wa kuagizwa chai. Nitafute inboksi, wewe nakuruhusu, nitakusomea rasimu.

Mama_Furaha: Aksanti sana dada, Mungu akubariki.

Kunguru_wa_Posta: Kumbe inboksi iko wazi.

Mwandishi: Kwa yeye.

Msomi_Mlalahoi: Siku yako ilikuwaje hasa? Nataka picha halisi kabla sijalipia hiyo yuniti.

Mwandishi: Swali zuri. Nusu ya muda ni ripoti za ruzuku: maktaba imepewa fedha, imeleta risiti kwenye bahasha, unalinganisha risiti na bajeti. Nusu nyingine ni sauti. Mzee mmoja mkulima alirekodiwa dakika 40, kuyaandika yote kulinichukua saa nne, kwa sababu alikuwa akigonga meza kila anapokumbuka jina la farasi. Nilijua majina ya farasi wote. Ushauri: faili la sauti lipe jina siku hiyo hiyo, tarehe kwanza, kisha mahali, kisha msimuliaji. Na fomu ya ridhaa isainiwe kabla ya kinasa sauti kuwashwa. Chai ikishanywewa watu hutawanyika.

Msomi_Mlalahoi: Nimekupata. Nitalipia.

Bwana_Kodi: Nyongeza kidogo kwa wenye posho. Mwanafunzi wa F-1 ambaye hajavuka miaka mitano ya kalenda Marekani kwa kawaida hakatwi makato ya Social Security na Medicare (bima ya afya ya wazee), asilimia 7.65. Asasi ndogo hukata kwa kutojua. Na fomu 8843, ya kuwaeleza watu wa kodi kwamba uko kama mwanafunzi, jaza kila mwaka katika kipindi hicho, hata kama hukupata senti.

Mwandishi: Asante, hilo nililisahau kabisa.

Msomi_Mlalahoi: Nimefungua hati yangu ya malipo ya kazi ya maktaba ya chuo sasa hivi. Wamenikata tangu Septemba.

Bwana_Kodi: Anza na watu wa mishahara, waombe wakurudishie wenyewe. Wakikataa, kuna fomu 843 ya kudai kodi iliyokatwa kimakosa. Uliingia Marekani mwaka gani?