Kuchagua gari la 4x4 la bei nafuu kwa safari za uwindaji

Kabla ya kutazama gari lolote, inafaa mnunuzi ajue kazi litakayofanya. Sheria ya wanyamapori ya Tanzania ya mwaka 2009 inakataza kuwinda kwa kutumia gari, kwa hiyo hata mwenye leseni halali hulihitaji kwa kufika kambini, kubeba maji na mafuta, na kurudisha nyama nyumbani. Kinachobaki ni kazi ya miguu. Mwendo kasi na viti vya ngozi havina maana huko. Kinachotakiwa ni gari ambalo fundi wa Mpanda au Inyonga, huko Katavi, ataweza kulifungua kwa spana za kawaida, akiwa chini ya mwembe.

Wengi huanza kwa kutamani Land Cruiser mkonga (ile yenye bomba la hewa lililopandishwa pembeni ya kioo) yenye injini ya 1HZ, na hawakosei: ni dizeli ya lita 4.2, silinda sita, haina tabo (turbo) wala kompyuta, na spea zake hupatikana hadi wilayani. Tatizo ni kwamba hata iliyochakaa huuzwa ghali. Mwenye fedha kidogo atafute Hilux ya miaka ya 1990 yenye injini iitwayo 3L, ya lita 2.8, na springi za pleti mbele na nyuma, au, ikiwa wasafiri ni wawili tu, Suzuki Escudo iliyotengenezwa kabla ya 2005, ambayo ni nyepesi, ina chesi ya kweli (fremu ya chuma iliyo peke yake chini ya bodi), na ina zile gia nzito za kutambaa polepole kwa nguvu zinazoandikwa 4L. RAV4 zimejaa mijini na bei yake inavutia, lakini hazina gia hizo, na kwenye udongo mweusi wa mbuga mvua moja inatosha kuligeuza gari hilo kuwa mzigo wa kuvutwa na wenzako. Prado ya miaka ile yenye injini ya 1KZ-TE ni tamu kuendesha, ila ikichemsha silinda hedi yake (kichwa cha injini) hupasuka kwa urahisi. Niliwahi kununua moja ambayo muuzaji alikuwa ameitia dawa ya kuziba uvujaji wa rejeta bila kuniambia. Tulitoka nayo Dar es Salaam alfajiri, na haikufika hata Gairo, mkoani Morogoro.

Tangu hapo, siku ya ukaguzi humwomba muuzaji asiliwashe gari kabla sijafika, na nikifika naweka kiganja juu ya boneti. Ikiwa ya moto, najua kuna kitu kimefichwa, kwa sababu injini iliyochoka huonyesha ugonjwa wake inapowashwa ikiwa baridi: huwaka kwa shida, hutoa moshi wa buluu, au maji ya rejeta hutoa mapovu yasiyokoma.

Kisha ingia chini ya gari ukiwa na tochi na nyundo ndogo, na ukae huko bila haraka. Gonga chesi taratibu kutoka mbele hadi nyuma. Chuma kizima hutoa mlio mkali, kilicholiwa na kutu hutoa mlio mzito uliokufa, na wakati mwingine magamba hukudondokea usoni. Magari yaliyokaa Tanga, Dar es Salaam au Zanzibar huliwa na chumvi ya bahari. Yaliyotoka sehemu za Japani zenye theluji huliwa na chumvi inayomwagwa barabarani. Chesi iliyopakwa rangi nyeusi mpya juzi ichunguzwe mara mbili. Ukiwa huko huko chini, mwambie fundi alegeze nati ya kujazia oili ya difu ya mbele (boksi la gia katikati ya ekseli), uchovye kidole. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa imeingia maji. Maana yake gari lilivuka mto na hakuna aliyejishughulisha kuibadilisha.

Hilux na Escudo hizo hazina difu ya katikati inayoruhusu magurudumu ya mbele na ya nyuma kuzunguka kwa kasi tofauti, kwa hiyo usizijaribu kwa 4x4 kwenye lami kavu. Tafuta kilima cha udongo. Funga loki za magurudumu ya mbele kama ni za mkono, ingiza 4L na gia ya kwanza, uanze kushuka bila kugusa klachi wala breki. Gari litambae lenyewe. Gia ikiruka na kurudi nyutro, ondoka.

Namba ya chesi iliyogongwa kwenye chuma ilingane na ya kwenye kadi, bila kujali dalali anasema nini.

Mimi huacha robo ya bajeti kwa ajili ya baada ya kununua. Mkanda wa taimingi hubadilishwa mara moja, kwa kuwa 3L na 1HZ zote huutumia na maneno ya muuzaji kwamba umebadilishwa hayathibitishiki. Yanafuata matairi: soma tarakimu nne ubavuni, ambapo 2319 ni kwamba lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019, na usisahau tairi la akiba, ambalo mara nyingi ndilo kongwe kuliko yote.