Kwenda Lhasa ukiwa unaishi China: kagua namba ya pasipoti kabla ya yote

Ilikuwa Julai, saa kumi na moja alfajiri, uwanja wa ndege wa Chengdu. Tulikuwa wanafunzi watatu, mimi Mtanzania, mwenzangu Mkenya na mwingine Mganda, tumejipanga kwenye foleni ya ndege ya kwenda Lhasa, mji mkuu wa Tibet. Dada wa kaunta alipokea karatasi ya kibali cha kuingia Tibet, akaweka kidole kwenye jina langu, akatazama pasipoti, akarudi kwenye karatasi. Akarudia mara ya pili. Kisha akaniambia maneno ambayo kila aliyesoma China anayajua: bu xing. Haiwezekani. Wenzangu wakapita. Mimi nikabaki na begi langu.

Nilichokosea kinaweza kumkuta yeyote mwenye pasipoti ya nyumbani, ndiyo maana nakieleza kwa urefu. Mei nilituma nakala ya pasipoti na ya kibali cha ukaazi kwa wakala wa utalii, kama walivyoagiza. Pasipoti ile ilikuwa inakaribia kuisha. Katikati ya Juni pasipoti mpya niliyokuwa nimeiombea ubalozini Beijing ikatoka. Nikafanya kila kitu kwa mujibu wa sheria: nikaenda kwa polisi wa uhamiaji ndani ya siku 10 kama sheria ya China inavyotaka, wakahamishia kibali changu cha ukaazi kwenye pasipoti mpya. Tiketi ya ndege nikaikata kwa namba mpya. Mtu mmoja tu sikumwambia, naye ni wakala. Kwa hiyo kibali cha Tibet kilitoka na namba ya pasipoti ambayo ilishakatwa kona na kufutwa.

Akilini mwangu jina lilikuwa lile lile, sura ile ile, na pasipoti zote mbili nilikuwa nazo mkononi. Nilidhani nikizionyesha pamoja mtu mwenye akili timamu ataelewa. Alielewa kabisa, wala hakunikaripia. Lakini karatasi ilisema namba moja na pasipoti ikasema nyingine, na kwenye safari ya Tibet hilo linatosha kukurudisha nyumbani.

Basi shika hili: namba ya pasipoti lazima ifanane kwenye karatasi tatu, yaani kibali cha Tibet, tiketi, na pasipoti yenyewe ambayo ndani yake ipo viza au kibali cha ukaazi kinachofanya kazi. Kama pasipoti yako imebakiza chini ya mwaka, ibadilishe kwanza, hamisha kibali cha ukaazi, ndipo uanze kumtafuta wakala. Ikitokea umeshatuma nakala na pasipoti mpya ikatoka katikati, mwandikie wakala siku hiyo hiyo. Usingoje kesho. Kibali huandikwa majina ya kundi zima kwenye karatasi moja, hivyo kurekebisha namba ya mtu mmoja ni kuomba upya karatasi nzima, na hiyo si kazi ya usiku mmoja. Mimi nililia palepale, nikapiga simu, nikatuma picha, na jibu likawa nisubiri.

Na majina vilevile. Sisi tuna majina matatu, wakati mwingine manne, na mifumo ya huku imezoea silabi mbili tatu. Wakala wengine huacha jina la kati ili litoshee. Waombe wakutumie picha ya kibali mara tu kinapotoka, kisha soma herufi moja moja ukilinganisha na ile mistari miwili ya chini ya ukurasa wa pasipoti yenye alama nyinginyingi. Kwa Wakenya wenye uraia wa nchi mbili: tumia pasipoti moja tu tangu mwanzo, ile yenye viza ya China. Usimtumie wakala ya Kenya kisha uende uwanjani na ya Uingereza.

Nyumbani tuna desturi ya kusema, hebu nionane na mkubwa. Huonani na mkubwa hapa. Na sisemi hivyo kwa kuwalaumu. Nimeishi China miaka minne, na nimekuja kuuheshimu utaratibu ambao haujali wewe ni mtoto wa nani. Refa wa nyumbani humbeba mwenye jina kubwa. Kaunta ya Chengdu haimbebi mtu. Lakini utaratibu huo huo hauna mlango wa huruma, na yule dada, hata angetaka, hakuwa na kitufe cha kubonyeza. Uamuzi ulishafanywa na karatasi iliyotoka Lhasa wiki kadhaa nyuma. Kwa hiyo nguvu zako zitumie kwenye karatasi, mapema. Kaunta siyo mahali pa kujieleza.

Sasa niwageukie ndugu zetu. Shangazi yangu, ambaye nampenda sana, alinipigia akisema: "Mwanangu, si upo hukohuko China? Si upande basi tu?" Shangazi, hapana. Tibet ni sehemu ya China kiutawala, lakini viza ya China peke yake haimfikishi mgeni Lhasa. Kibali cha Tibet, Wachina wanakiita ruzanghan, hutolewa na ofisi ya utalii ya Tibet kupitia wakala aliyesajiliwa. Huwezi kujiombea mwenyewe. Lazima ulipie safari nzima pamoja na mwongozaji na, ukitoka nje ya mji, gari na dereva. Mjomba anayekuja Guangzhou kuchukua mzigo, anayesema atachepuka Tibet siku mbili kabla kontena halijajaa, naye nimwambie kwa heshima: mjomba, bila kibali hutapanda ndege, na mwenye duka la tiketi atakuuzia tiketi bila kukuuliza chochote. Kuuziwa tiketi si ruhusa. Narudia, kuuziwa tiketi si ruhusa.

Kwa wale mnaoomba viza ya China mkiwa Dar, Nairobi au Muscat, mawakala wengi wanashauri msitaje Tibet kwenye fomu ya ubalozini. Kibali cha Tibet huombwa baadaye, viza ikishapatikana. Na anayefikiria kupitia Kathmandu ajue kwamba kutokea Nepal mtu huingia kwa viza ya kundi, na viza ya China uliyonayo kwenye pasipoti hufutwa. Mwanafunzi mwenye kibali cha ukaazi asiichezee njia hiyo.

Hatua nyingine ni za kawaida. Nakala za pasipoti na viza, barua ya chuo au ya mwajiri kwa tunaoishi huku, malipo ya awali, kisha subira ya wiki mbili tatu. Kibali halisi hutumwa kwa kurieri hadi hoteli au bweni, na kwa ndege nilitakiwa kuonyesha karatasi halisi. Mwishoni mwa Februari na Machi yote wageni kwa kawaida hawapewi vibali, kwa hiyo usipange safari mwishoni mwa likizo ya mwaka mpya wa Kichina. Mji wa Shigatse au upande wa Everest huhitaji kibali kingine, ambacho mwongozaji hukishughulikia mkishafika Lhasa.

Wiki tatu baadaye nilikwenda peke yangu, kwa treni kutoka mji wa Xining, na kuchelewa kule kulinifundisha jambo kuhusu mwili. Mimi ni mtu wa Tanga, nimekulia usawa wa bahari. Lhasa iko mita 3,650 hivi juu ya usawa wa bahari. Aliyepanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu afikirie kibanda cha Horombo, mita 3,720. Wapagazi wetu wanakwambia pole pole, unalala Mandara kwanza, unafika Horombo siku ya pili, na bado kichwa kinagonga. Ndege ya Chengdu inakutoa mita 500 na kukushusha kwenye urefu wa Horombo kwa muda wa saa mbili na kidogo. Wenzangu walioruka walitapika usiku wa kwanza na kulala siku nzima ya pili, siku waliyokwisha kuilipia.

Treni haikuponyi, lakini Xining yenyewe iko juu ya mita 2,200. Nililala huko usiku mbili na mwili ukaanza kuzoea. Reli hiyo, iliyofika Lhasa mwaka 2006, ni kilomita 1,956 kutoka Xining na inapita kwenye njia ya mlimani ya Tanggula, mita 5,072, juu kuliko Kibo, kibanda cha mwisho kabla ya kilele cha Kilimanjaro. Ndani kuna mirija ya oksijeni, na utajaza fomu ya kutamka kwamba afya yako inaruhusu. Isome hiyo fomu, usisaini tu.

Hapa wanadiaspora wenzangu nisikilizeni. Hewa ya Lhasa ina takriban theluthi mbili ya oksijeni ya pwani. Mwenye selimundu (sickle cell) asiende, tafadhali. Na hata asiyeumwa ila amerithi chembe hiyo kwa mzazi mmoja, azungumze na daktari kwanza, kwa sababu wapo wabebaji waliopata madhara ya bandama kwenye miinuko mikubwa. Mawakala wa huku hawakuulizi, maana selimundu hawaijui. Kwetu kila ukoo una habari yake. Kama hujui hali yako, pima. Kipimo ni rahisi, na nimesikitika kuona wasomi wenzangu wanajua kundi la damu lakini hilo hawalijui.

Dawa ya asetazolamidi husaidia mwili kuzoea, na huanzwa siku moja kabla ya kupanda. Muulize daktari, na kama uliwahi kudhurika na dawa za salfa, kama zile za malaria za zamani, mwambie. Siku ya kwanza usioge maji ya moto kwa muda mrefu, usinywe pombe, usikimbie ngazi. Kichwa kuuma na kukosa usingizi ni kawaida. Kubanwa pumzi ukiwa umekaa, kikohozi cha mapovu, kuyumba kama mlevi au kuchanganyikiwa, hayo si ya kuvumilia. Mwambie mwongozaji hapohapo, uende hospitali na ushuke chini. Ule ujasiri wa "nitapata nafuu kesho" umewamaliza watu kwenye mlima wetu wenyewe.

Kuhusu mji, nitasema nilichokiona. Kwenye Barkhor, njia inayozunguka hekalu la Jokhang, wazee kwa watoto wanatembea kwa mwelekeo wa saa tangu alfajiri, wengine wakilala kifudifudi kila hatua tatu, viganja vimevaa vibao. Tembea nao upande uleule. Kuingia eneo hilo kuna vituo vya ukaguzi, na mara zote mbili nilizosimama foleni, mimi mgeni nilipita upesi kuliko bibi wa Kitibeti aliyekuwa mbele yangu. Iliniuma. Watibeti wengi kupata pasipoti ni shida kubwa, na mimi nilikuwa nimelia kwa kuchelewa wiki tatu. Usimuulize mwongozaji siasa, wala usibebe picha ya Dalai Lama, kiongozi wa dini wa Watibeti aliye uhamishoni, hata kwenye simu. Wewe utapanda treni urudi chuoni, yeye atabaki hapo na maswali. Potala, jumba jeupe na jekundu lililoanza kujengwa upya mwaka 1645, unaingia kwa muda uliopangwa na ndani hakuna kupiga picha. Ngazi ni nyingi. Panda kama unavyopanda Horombo.

Waislamu wasiwe na hofu ya chakula, misikiti ipo na wauza tambi za halali wapo jirani na Barkhor. Tsampa, unga wa shayiri uliokaangwa, hukandwa kwa mkono na chai, na mtu wa ugali hahitaji kufundishwa. Chai ya siagi na chumvi sikuiweza. Lakini ile chai tamu ya maziwa, iliyochemshwa pamoja, ni chai ya kwetu kabisa, na vibanda vyake hujaa tangu asubuhi. Chenji noti ndogo kabla hujaingia. Unaketi benchi moja na usiowajua, unaweka noti mezani mbele yako, na kila kikombe kikiisha mhudumu anapita na birika, anamimina, anachukua stahili yake na kukurudishia chenji palepale.