Kuchagua Samani za Kuhifadhia Vitu katika Chumba cha Chini ya Nyumba

Baadhi ya nyumba zilizojengwa kwenye mteremko wa Riat, juu ya Kisumu, na zile za Milimani mjini Nakuru zinazopanda kuelekea Menengai, zina chumba cha chini ambacho upande mmoja kina dirisha, huku ukuta wa upande wa pili ukiwa umeshikana na udongo. Chumba hicho huwa cha mgeni, cha watoto kusomea na stoo kwa wakati mmoja, na kwa hiyo kitanda chenye droo au benchi lenye sanduku hukifaa kuliko kabati kubwa linalomaliza nafasi yote. Hata hivyo, kinachokiharibu zaidi ni unyevu wala si udogo, na ndiyo maana nashauri unyevu upimwe kabla ya samani yoyote kuagizwa.

Njia ya kupima ni rahisi. Kata karatasi ya nailoni yenye upana wa futi mbili kila upande, uibandike kwa selotepu kwenye ukuta ulioshikana na udongo, uzibe kingo zote, kisha uiache kwa siku mbili. Matone yakitokea upande unaogusa ukuta, maji yanatoka udongoni, na kazi ya kwanza ni ya mwashi na mtaro wa nje, si ya seremala. Yakitokea upande unaotazama chumba, huo ni unyevu wa hewa, na hapo samani zenye matundu ya kupitisha hewa zitakusaidia.

Nasema hivi kwa sababu nilipoteza kitanda. Kilikuwa cha sanduku, kimetengenezwa kwa chipbodi (ubao wa chembe za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi) iliyofunikwa karatasi yenye sura ya mbao, na nilikiegemeza kwenye ukuta ulioshikana na udongo kabla ya mvua za masika. Nilipokifungua mwezi wa Juni, blanketi zilinuka ukungu, kingo za chini zilikuwa zimevimba kama andazi lililolowa chai, na skrubu za bawaba zilichomoka kwa vidole. Chipbodi na MDF ya kawaida (ubao wa nyuzi laini za mbao) zikivimba hazirudi tena katika hali yake. Kwa chumba cha namna hii, chagua mbao ngumu kama mvule ikiwa uwezo upo, au saipresi iliyokaushwa vizuri na kupakwa vanishi pande zote, hata zile zisizoonekana. Ukienda kwa mafundi wa soko la Kibuye, Kisumu, mwombe fundi aichomoe droo na kuigeuza, kwa maana chini ya droo ndipo panapoonyesha kama plaiwudi ni nyembamba na kama vanishi iliishia mbele tu.

Jambo la pili ni njia ya kupitia. Pima mlango, upana wa ngazi na hasa kona ya ngazi, kisha utafute samani inayofungwa kwa bolti na nati ili iingie kwa vipande. Kitanda kilichogongelewa misumari na kutiwa gundi karakanani hakitapinda kona hiyo.

Kuhusu kitanda chenyewe, uamuzi mkubwa ni kati ya droo na kifuniko cha kuinua. Kitanda cha futi tano kwa sita chenye sanduku la kina cha futi moja kina nafasi inayokaribia futi 30 za ujazo, ukiondoa unene wa mbao. Lakini droo ya futi mbili na nusu inahitaji nafasi kama hiyo mbele yake, tena na mahali pa wewe kuinama, kwa hiyo kitanda kikikaribia ukuta, chagua droo za upande wa miguu au kifuniko. Kifuniko nacho kijaribiwe godoro likiwa juu yake, kwa kuwa huo ndio uzito utakaouinua kila siku. Binafsi naona kifuniko kinafaa kwa vitu vya msimu, kama blanketi na masanduku ya safari, na droo zinafaa kwa vile vinavyotafutwa kila wiki.

Benchi lenye urefu wa futi nne na kimo cha inchi 18 hukaliwa na watu wawili na kumeza vitabu na viatu vya nyumba nzima. Kama kuna watoto wadogo, nakusihi usikubali komeo linalojifunga lenyewe, na utoboe matundu ya hewa pembeni, kwani mtoto anayejificha ndani hawezi kuinua kifuniko kilichofungwa. Meza ya kukunja ukutani ihifadhi karatasi tu.

Usiweke mtungi wa gesi ndani ya samani yoyote ya chumba hiki: gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, na ikivuja hutuama sakafuni. Mahindi na maharagwe pia yakae juu, mahali pakavu, kwa sababu unyevu huleta kuvu yenye sumu.

Samani zikifika, ziwekwe upande wa ukuta wa ndani, zikiwa na miguu ya inchi nne na mwanya wa inchi mbili nyuma yake. Mvua za Aprili zikianza, pitisha mkono chini ya sanduku kila wiki, na ukihisi ubaridi wenye majimaji, toa vitu vyote siku hiyo hiyo.