Kufunga rimu na matairi ya masika kwenye Golf GTI, Malindi

Wajerumani wana desturi inayomfaa mwenye Golf GTI wa Malindi: kuwa na seti mbili za magurudumu. Wao hubadilisha kwa ajili ya theluji, kwa kuwa mpira wa tairi la kiangazi hukakamaa baridi ikishuka chini ya nyuzi 7. Sisi tubadilishe kwa ajili ya masika, Aprili inapoingia na mashimo kujaa maji ya rangi moja na barabara. Maelezo haya ni ya kizazi cha 5 na cha 6.

Seti ninayoipendekeza ni rimu za inchi 16, upana 6.5J (inchi 6.5), ET50 (mm 50 kati ya katikati ya upana wa rimu na uso wake unaofungwa kwenye gari), na matairi 205/55R16 91V: upana mm 205, ubavu asilimia 55 ya upana huo, rimu ya inchi 16, na mwisho ni alama ya uzito na kasi. GTI nyingi hutembelea 225/45R17 au 225/40R18. Kimo cha gurudumu zima hakibadiliki sana: 632 mm dhidi ya 634 na 637, hivyo spidomita haipotoki. Kinachobadilika ni ubavu, milimita 113 badala ya 101 au 90, na huo ndio unaookoa rimu ukitumbukia shimoni njia ya Marafa au ukigonga jiwe la tumbawe pembezoni mwa barabara. Tairi jembamba pia hulikata dimbwi. Pana huanza kuelea mapema.

Hatua ya 1: Matairi

Usinunue tairi la theluji hata likiwa jipya na bei yake nzuri. Magari kutoka Japani huja nayo, na baadaye matairi hayo huuzwa peke yake. Utalitambua kwa alama ya mlima wa vilele vitatu wenye chembe ya theluji ndani, au neno STUDLESS ubavuni. Mpira wake ni laini mno kwa joto letu: huisha haraka na breki hurefuka. M+S (tope na theluji) peke yake haimaanishi tairi la theluji.

Soma tarakimu nne za mwisho za DOT, namba ya kiwandani iliyo ubavuni: 2323 ni wiki ya 23 ya mwaka 2023. Vijinundu vya TWI (alama za kuonyesha tairi limeisha) ndani ya mifereji viko kwenye 1.6 mm, lakini kwa masika usingoje mpaka huko. Likifika 3 mm, badilisha.

Hatua ya 2: Rimu na habu zikubaliane

Hapa ndipo watu hupoteza siku nzima, kisha wakalaumu balansi. Usukani unatetemeka kwenye kilomita 90 hadi 100 kwa saa, gari linarudishwa kwenye mashine mara tatu, vipimo vinasoma sifuri, na bado linatetemeka. Mara nyingi tairi halina kosa. Gurudumu halikukaa katikati ya habu, kile kitovu cha chuma ambacho rimu hufungwa juu yake.

Golf hii ina boliti 5 kwenye duara la 112 mm, na tundu la katikati ni 57.1 mm. Rimu za Mercedes pia ni 5×112, kwa hiyo zitaingia na muuzaji atakuapia kuwa ni zako. Tundu lake ni 66.6 mm. Habu inacheza ndani, na gurudumu linabebwa na boliti peke yake. Ukizichukua, weka pete za 66.6 kwa 57.1 kwenye magurudumu yote manne. Chagua za plastiki ngumu. Za alumini, kwa chumvi ya hewa yetu, hung'ang'ania habu mpaka uzikate.

Jambo la pili ni shingo ya boliti, yaani sehemu chini ya kichwa inayokalia tundu la rimu, na hili ni la hatari zaidi. Boliti za Golf zilizotoka kiwandani zina shingo ya mviringo, kama nusu ya mpira. Rimu nyingi za madukani zimechongwa kwa shingo ya faneli, iliyonyooka. Ukichanganya, chuma kinagusana kwenye ukingo mwembamba tu. Boliti itakaza vizuri leo, na baada ya kilomita chache imelegea. Angalia tundu la rimu kwa tochi, kisha angalia boliti. Ya Mercedes ni ya mviringo pia, ila kipimo cha mviringo huo si kile kile. Rimu ikiwa ya Mercedes au ya duka, nunua boliti zake, M14×1.5 (unene mm 14, nyuzi zikiachana mm 1.5), zenye shingo inayolingana.

Urefu nao: boliti iingie kwa mkono mizunguko isiyopungua 8 ndani ya habu. Chini ya hapo ni fupi. Ikiwa ndefu kupita kiasi, ncha yake inaweza kugusa vyuma vilivyo nyuma ya habu, kwa hiyo zungusha gurudumu kwa mkono kabla ya kushusha jeki na usikilize.

Mwisho, kalipa, chuma kinachobana diski ya breki. Diski ya mbele ya GTI ni 312 mm. Rimu ya inchi 15 haingii. Ya 16 huingia, lakini si kila mchoro, hivyo jaribu rimu tupu kabla ya kuvisha tairi. Baada ya balansi angalia tena, maana vyuma vya kubandika ndani ya rimu vinaweza kukwaruza kalipa.

Hatua ya 3: Kutoa magurudumu ya zamani

Legeza boliti gari likiwa chini, weka jiwe nyuma ya gurudumu la upande wa pili, inua, weka stendi. Usiingize mkono chini ya gari linaloshikwa na jeki pekee.

Malindi, gurudumu lililokaa mwaka mzima halitatoka kwa kuvutwa. Alumini na chuma vikikutana kwenye unyevu wa chumvi hushikana. Nyunyizia mafuta ya kupenyeza kutu katikati ya habu na usubiri nusu saa. Likikataa, rudisha boliti, zikaze kwa mkono kisha uzilegeze nusu mzunguko, shusha gari, lisogeze mbele na nyuma mita moja polepole. Utasikia limeachia. Usigonge rimu kwa nyundo. Gonga tairi kwa ndani, kwa kipande cha mbao.

Hatua ya 4: Kufunga

Sugua uso wa habu kwa brashi ya waya mpaka chuma king'ae, halafu upande wa nyuma wa rimu. Ganda dogo la kutu linatosha kulipinda gurudumu. Paka grisi ya shaba kidogo sana kwenye mdomo wa katikati pekee. Usipake kwenye nyuzi za boliti wala shingoni: kipimo cha kukaza ni cha boliti kavu, na grisi itakufanya ukaze kupita kiasi bila kujua.

Golf haina vyuma vya kutundikia rimu kama Toyota, na kushikilia gurudumu kwa goti huku ukitafuta tundu ni kuumiza nyuzi. Mpe fundi wa kuchonga boliti ndefu ya M14×1.5 aikate kichwa. Ifunge juu ya habu, tundika rimu, funga boliti nne, kisha itoe uweke ya tano.

Boliti zote zianze kwa mkono. Mashine ya upepo isianze kazi hii, na mimi singeiruhusu imalize pia. Kaza kwa mtindo wa nyota, shusha gari, malizia kwa spana ya torki kwenye Nm 120. Rudia kipimo baada ya kilomita 50. Kwenda Watamu na kurudi inakaribia hapo.

Tairi lenye mshale lizunguke kufuata mshale.

Hatua ya 5: Upepo na stoo

Jaza asubuhi matairi yakiwa baridi, kwa kipimo cha 205/55R16 kilichoandikwa ndani ya kifuniko cha tangi au ubavuni mwa mlango wa dereva. Gari likiwa na kitufe chenye alama ya tairi, kishikilie mpaka lilie, lijifunze upya kipimo cha upepo.

Rimu ulizotoa zioshe kwa maji ya bomba, si ya kisima chenye chumvi, zikauke kabisa. Ziandike kwa chaki MK, MS, NK, NS (mbele kulia, mbele kushoto, na nyuma vivyo hivyo), zilaze moja juu ya nyingine, mahali penye kivuli, mbali na jenereta.